Isale Lililofungwa Miaka Miwili

Auleria Mushi anaijua parokia moja ya Uingereza ambayo hajawahi kuikanyaga. Inaitwa Marlecombe. Ina kanisa la mawe, kengele sita ambazo moja ina ufa, kijito, shule iliyofungwa ikageuzwa nyumba ya mtu, na watu mia tatu na ushee. Muulize shamba linaloitwa Ekari ya Njaa liko wapi, atakuelekeza kama vile anakutuma dukani: toka kanisani, shuka, vuka daraja, usikate kulia. Muulize nani alisombwa na mafuriko ya mwaka 1768, atakutajia mtu na mkewe na ng'ombe wao. Lakini muulize habari za Anna, mdogo wake wa tumbo moja aliyeko Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, uone. Ghafla birika linachemka jikoni. Ghafla kuna nguo za kuanua. Mtu mzima wa miaka arobaini na minne anakukimbia sebuleni!

Haya, tuanze na hiyo parokia, maana ndiyo iliyomkamata.

Auleria alifika Dubai miaka tisa iliyopita kufanya kazi za nyumbani. Alihama nyumba mbili, na mwaka wa tano akaangukia kwa Madam Beryl, bibi wa Kiingereza mwenye miaka themanini na sita leo. Bibi huyo aliteleza kwenye barafu mara mbili huko kwao, mara ya pili akavunjika nyonga, ndipo mwanawe Nick, mhandisi, akamleta kukaa naye Al Jaddaf, ghorofa ya kumi na nne. Wazee wengine wakihamishwa hubeba picha za wajukuu. Madam alibeba maboksi matatu ya makaratasi. Alikuwa anaandika historia ya parokia yake, na macho yalikuwa yanamzimikia kabla hajaimaliza.

Basi kazi ya Auleria, iliyoandikwa kwenye mkataba kuwa ni kumhudumia mzee, ikawa ni kuandika kitabu. Kila asubuhi baada ya chai na vidonge, Madam huketi kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, naye Auleria hufungua kompyuta mezani. Madam husema, Auleria huandika. Mwanzo aliandika kwa vidole viwili, akitafuta herufi kama mtu anayechambua mchele. Sasa anaandika kwa kumi, na akiona Madam amekosea mwaka humwambia.

"Upuuzi," Madam husema. Kisha husogeza miguu kigodani. Kisha husema, "Rekebisha."

Mwanzoni Auleria alijiuliza ni watu gani hawa, wanaoandika hata nguruwe wa jirani aliyeingia makaburini mwaka 1702 na faini aliyotozwa mwenye nguruwe. Baadaye habari zikamwingia. Daftari la mazishi lilikuwa na watoto waliobatizwa Jumapili na kuzikwa Alhamisi, na kila akimwandika mmoja alipiga ishara ya msalaba chini ya meza. Siku moja akakutana na mstari mmoja wa mwaka 1741: mwanamke mgeni, jina halikujulikana, alifia ghalani. Auleria aliacha kuandika. Alisema, "Madam, huyu alikuwa na mama yake mahali." Jumapili ile alikwenda kanisani Oud Metha akaomba nia ya misa. Karani akamuuliza jina la marehemu, naye akasema aandike tu Mgeni wa Ghalani. Karani alimtazama, akaandika.

Sasa nikueleze la Anna, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea.

Baba yao hakuwa na mtoto wa kiume. Alipofariki, mama yao alikigawa kihamba, lile shamba la migomba walilorithi kwa mababu, sehemu mbili sawa: juu kwa Auleria, chini kwa Anna. Katikati alipanda masale. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, na kwa Wachaga ndio mpaka. Huhitaji ukuta wala waya. Ukiona mstari wa masale unajua hapa kwangu pameishia. Mama aliwatembeza binti zake wawili mstari ule wote, wakihesabu hatua kutoka mfereji wa maji hadi kwenye mparachichi mkubwa, hatua arobaini na tatu, na kila kona aliwafinya sikio hadi machozi. "Ili msije mkasema mmesahau," alisema. Mparachichi ulikuwa upande wa Auleria.

Mama alifariki Auleria akiwa Dubai, hakupata ruhusa kwenda kuzika. Misa ya mwaka ilipofanyika, binamu mmoja akamtumia video. Auleria aliitazama akilia, hadi alipoacha kulia. Padri alikuwa amesimama, watu wamekaa, na nyuma yao kulikuwa na mparachichi wake, na masale yalikuwa yanapita upande wa pili wake. Mpaka umehama! Hatua kumi na moja nzima. Na ndani ya zile hatua kumi na moja kulikuwa na msingi wa nyumba mpya, tofali juu ya tofali, ya Anna na mumewe.

Akapiga simu. Sitarudia yaliyosemwa, kwa sababu mengine hayasemeki mbele ya watu. Anna alisema wewe uko Ulaya ya Waarabu, shamba la nini. Auleria alisema kuanzia leo sina mdogo, mama alizaa mmoja. Akaifungia namba ya Anna isimpigie tena, na ndugu wote akawapa amri: atakayenitajia jina hilo nakata simu. Na alikata kweli. Shangazi yake mmoja alijaribu, "Mwanangu, lakini yale masale..." Auleria akasema, "Shangazi, nakata," akakata.

Ikapita miezi. Kisha akaja Shomari.

Shomari ni Mpare wa Usangi, anafanya kazi kwenye duka la vipuri vya magari Ras Al Khor. Alikuwa likizo Tanzania, na kwa kuwa dunia ni kijiji, mtu wa Kibosho alimkuta Moshi mjini akampa mzigo wa Auleria. Aliuleta Al Jaddaf mwenyewe, akamkabidhi chini kwa walinzi. Ulikuwa mrefu kama mkono kutoka kiwikoni, umefungwa karatasi ya kaki, umekazwa kwa kamba ya mgomba. Juu kulikuwa na mwandiko wa Anna.

Auleria aliubonyeza kwa vidole mara moja tu, akajua. Kitu kirefu, kigumu shinani, laini nchani, na katikati kuna fundo.

Isale lina kazi ya pili, na hiyo ndiyo nzito. Mchaga akikukosea, hata kosa liwe kubwa namna gani, akikuletea jani la isale lililopigwa fundo, umekwisha. Hukatai. Huwezi kusema ngoja nifikirie. Ukilishika mkononi umesamehe, na atakayeendeleza ugomvi baada ya hapo, ukoo mzima utamkalisha chini. Sheria hiyo haina dirisha. Ina mlango mmoja tu wa uani, na Auleria aliuona palepale: asiyelishika hajalipokea.

"Mbona hufungui?" Shomari aliuliza.

"Nitafungua."

Akaupandisha juu, akautia chini kabisa ya sanduku lake, chini ya masweta ambayo Dubai hayavaliki. Huu ni mwaka wa pili. Hajaufungua. Na kila Shomari akikutana naye humuuliza, maana Mpare na Mchaga ni watani, na mtani hana haya.

"Dada Auleria, mzigo wangu unasemaje?"

"Mzigo wako au wangu?"

"Nimeubeba kilomita elfu nne, una jasho langu. Ajabu nyie Wachaga! Sisi Wapare tukigombania mpaka tunakwenda mahakamani mpaka hakimu anastaafu, tunauza ng'ombe kudai kuku. Nyie Mungu kawapa jani tu, jani! Na hilo nalo mnalikimbia."

"Nenda zako, bahili mkubwa."

"Naenda. Lakini lile jani halitaoza, litakusubiri."

Alikuwa anacheka, naye Auleria alicheka. Akifika chumbani kicheko kinaisha. Kusema kweli aliipenda ile hasira. Alikuwa ameilea miaka miwili, ameishibisha, na mtu hukizoea kitu alichokilea.

Sasa rudi sebuleni kwa Madam. Mwezi wa pili mwaka huu walifika sura ya mipaka.

Zamani huko Marlecombe, Madam alisimulia, hakukuwa na ramani za kuaminika. Kwa hiyo kila mwaka majira ya kuchipua, padri na wazee wa kanisa na watoto walitembea kuuzunguka mpaka wa parokia na mawe makubwa ya mashamba. Kwenye kila jiwe walisali, wakalichapa kwa fimbo, kisha wakamnyanyua mtoto mmoja na kumbamiza makalio juu ya jiwe, paa! Ili aumie. Ili akumbuke hadi uzeeni jiwe lilikuwa wapi, na likitokea shauri aitwe kutoa ushahidi.

Auleria aliacha kibodi akacheka mpaka akajishika mbavu. Huyu mama yangu alikuwa Mwingereza! Akamweleza Madam ile habari ya kufinywa sikio. Madam naye akacheka, jambo ambalo si la kila wiki.

"Mimi nilibamizwa," Madam alisema. "Mwaka 1948, nikiwa na miaka tisa. Wavulana wote walikuwa na surua, wakatuchukua wasichana wawili. Mimi na Doreen Tolley, rafiki yangu. Jiwe la chemchemini, kati ya shamba la baba yangu na shamba la baba yake."

"Na chemchemi ilikuwa ya nani?"

Madam alikoroga chai isiyohitaji kukorogwa. "Andika," alisema. "Tangu zamani chemchemi ilikuwa upande wa shamba letu."

Auleria akaandika. Kesho yake Madam akairudia sentensi hiyohiyo kana kwamba haikuandikwa. Keshokutwa tena. Mara ya tatu Auleria akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya ramani. Ilikuwepo moja ya mwaka 1840, kubwa, imekunjwa hadi mikunjo imekatika. Madam hakuweza kuisoma tena, kwa hiyo Auleria ndiye aliyepaswa kuitazama na kuandika maelezo yake. Akaitandaza mezani. Mtu aliyefinywa sikio kila kona haangalii ramani kama wewe na mimi. Alianzia darajani, akafuata kijito kwa kidole, akahesabu kona, akafika kwenye kidoa kidogo kilichoandikwa jiwe. Chemchemi ilikuwa upande wa pili wa jiwe.

Angeweza kunyamaza. Kazi ni kazi, na bibi wa watu ana miaka themanini na sita. Lakini damu ilimpanda kichwani, na haikuwa kwa ajili ya Uingereza.

"Madam," alisema, "hapa mpaka umehama. Chemchemi ni ya kina Doreen."

Loo! Madam alimwambia asijifanye anajua asichokijua. Alimwambia ramani hiyo ilichorwa na mlevi. Alimwambia afunge kompyuta. Siku mbili hakusema naye zaidi ya ndiyo na hapana, akala nusu ya chakula, na Sir Nick akamwuliza Auleria kwa sauti ya chini kama mama ameumwa. Auleria alisema hapana, sir, anafikiri.

Siku ya tatu, baada ya vidonge, Madam alisema, "Fungua. Futa ile sentensi. Andika ninavyosema, usinikatize."

Akasema yote. Mwaka 1961 kulikuwa na ukame. Baba yake alilisukuma jiwe kwa trekta hadi ng'ambo ya chemchemi. Kina Tolley walilalamika, mkutano ukaitwa shuleni, na kwa desturi waliulizwa waliobamizwa juu ya jiwe lile, wote wawili, sasa wasichana wa miaka ishirini na miwili. Doreen alisimama akasema jiwe limehama. Beryl alisimama, baba yake akimtazama, akasema jiwe liko palepale lilipokuwa siku zote. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Wakamwamini Beryl. Mbele ya kijiji kizima Doreen akaitwa mwongo. Mwaka uliofuata kina Tolley waliuza ng'ombe wao kwa kukosa maji, wakahamia kijumba karibu na daraja.

"Tulisali kanisa moja tangu siku hiyo hadi nilipoletwa hapa," Madam alisema. "Viti viwili kati yetu. Hatukuwahi kusalimiana. Bado yupo hai. Bado yuko pale darajani."

Auleria aliandika hadi nukta ya mwisho, na moyoni alikuwa Doreen mtupu. Alimwonea Madam huruma, ndiyo, lakini ile ndogo, ya kumpa mtu maji akiwa na kwikwi. Si mlihamisha mpaka? Basi kaeni hivyohivyo.

Ndipo Madam akauliza, "Kwenu, mtu aliyehamisha mpaka hufanya nini?"

Auleria aliondoa mikono kwenye kibodi. Kisha akanyoosha kidole kwenye kona ya sebule.

Pale kulikuwa na chungu kikubwa cha mmea, mmoja kati ya ile wanayoipanga mapokezi ya kila ofisi na hoteli Dubai. Sir Nick aliununua soko la mimea Warsan kupendezesha nyumba. Siku Auleria alipofika kazini mara ya kwanza alisimama mbele yake mdomo wazi, kwa sababu lilikuwa isale, isale kabisa, limewekwa karibu na televisheni na kupigwa vumbi kwa kitambaa. Miaka yote hiyo alilimwagilia bila kulitazama sana.

Akamweleza Madam kazi ya jani lile. Madam alisikiliza kichwa kimeinama.

"Na akikataa kulipokea?"

"Hakuna anayekataa, Madam," alisema Auleria, na kule chumbani, chini ya masweta, alijua kuna kitu kinachomsuta.

Madam alitaka kulikata mwenyewe. Auleria alimwongoza mkono hadi kwenye jani zuri, mkasi ukalia, kisha Auleria akalipiga fundo, maana fundo lina namna yake. Wakaliweka kwenye bahasha ngumu pamoja na kurasa tisa za sura ile na barua ya Madam ya mistari minne. Auleria aliifunga kwa utepe wa gundi, pande zote, akaandika anwani. Sir Nick akaituma.

Zikapita wiki sita. Wakaandika sura ya shule, wakaandika sura ya kengele. Kila Sir Nick akirudi, Madam aliuliza kama kuna barua kwenye sanduku la ofisini, akijifanya anauliza mambo mengine pia.

Siku moja ya kazi, saa sita mchana, Sir Nick alirudi nyumbani. Alikuwa ameshika bahasha. Aliiweka mapajani mwa mama yake, akambusu kichwani, akaenda jikoni akasimama tu huko, bila kufungua friji wala kabati.

"Ni nene," Madam alisema, akiipapasa. Uso ulimng'aa. "Amejibu kwa kirefu."

Auleria aliisogelea. Aliutambua mwandiko wake mwenyewe. Juu yake, kwa wino wa buluu uliotetemeka, mtu mzee alikuwa ameandika: Najua kilichomo. Sikitaki.

Alimsomea. Angefanya nini?

Madam alipitisha vidole kwenye ukingo wa bahasha, polepole, upande hadi upande. "Hii gundi," aliuliza, "ni yako au ya mtu mwingine?"

"Ni yangu, Madam."

"Imekatwa popote?"

"Hapana, Madam."

"Basi hakufungua."

Auleria alijua Doreen ana haki. Kama kuna mtu duniani aliyemwelewa Doreen, ni yeye. Alingoja ajisikie amefurahi kidogo, hata kidogo tu, kwa ajili ya wote waliohamishiwa mipaka. Hakusikia furaha yoyote. Alimwona bibi kizee ameshika jani lake mwenyewe lililorudishwa.

"Kukataliwa ningekubali," Madam alisema. "Ni haki yake. Lakini mle ndani nimeandika kwamba alisema kweli. Kijiji kizima kitaisoma. Nimelirudisha jiwe mahali pake, Auleria, na yeye hajui. Atakufa akidhani bado namwita mwongo."

Auleria alisimama katikati ya sebule. Maneno ya shangazi yake yalimrudia sikioni, yale aliyoyakata: mwanangu, lakini yale masale. Lakini nini? Lakini yale masale yamefanyaje?

Hakuomba hata ruhusa. Alikwenda chumbani, akafungua sanduku, akatupa masweta sakafuni moja moja, akautoa ule mzigo. Kamba ya mgomba ilikuwa imekauka, ikakatika kabla hajaivuta. Ndani kulikuwa na isale, kama alivyojua. Liliondoka Kibosho likiwa bichi. Sasa lilikuwa kahawia, na alipogusa fundo likavunjika vipande viwili. Chini yake kulikuwa na jambo asilolijua. Picha. Ilikuwa picha iliyosafishwa dukani Moshi, tarehe nyuma yake ya miaka miwili iliyopita. Mparachichi, na masale yamesimama mstari, machanga, yamepandwa upya, mahali pake pa zamani. Ule msingi wa nyumba haupo. Kuna shimo na kifusi.

Na karatasi ya daftari, mwandiko wa Anna:

Dada, nimeyarudisha. Nimepima hatua arobaini na tatu kutoka mferejini kama mama alivyotupima, sikio likiniuma. Msingi tumeufukua. Mume wangu alikasirika, nikamwambia bora nikose nyumba. Nisamehe. Nasubiri.

Auleria alilia kwa sauti. Alilia kwa aibu, hasa, na hakuna kilio kichungu kama hicho, maana humwoni mtu wa kumlaumu. Miaka miwili alikuwa ameshikilia kosa ambalo mwenyewe aliyelifanya alishalifukua kwa jembe. Miaka miwili mtu anasubiri, na yeye anajisifu moyoni kwamba hakushika.

Alipojifuta machozi alirudi sebuleni. Sir Nick alikuwa amekaa karibu na mama yake. Bahasha ilikuwa bado mapajani.

"Madam, naomba jani moja."

"La nani?"

"La kwangu. Nilikudanganya. Nilisema hakuna anayekataa, na mimi nilikataa miaka miwili." Akawaeleza, kwa ufupi, akiwa amesimama. "Sasa mwenye kosa ni mimi. Na hili silitumi, nitalibeba mkononi. Naomba ruhusa niende nyumbani."

Sir Nick alitaka kusema kitu kuhusu mwezi ujao. Madam aliinua mkono akamnyamazisha.

"Aende wiki hii," alisema. Kisha akamgeukia Auleria, kwa yale macho yasiyoona vizuri. "Na ile sura yangu inabaki kama ilivyo. Kitabu kitawekwa kanisani, kwenye meza ya nyuma, palipo na vitabu vya nyimbo. Doreen hupita pale kila Jumapili. Akitaka atafungua, asipotaka atasomewa na watu. Sasa kata jani. Si hilo, hilo limeungua nchani. Kata zuri."

Auleria alikata. Akalipiga fundo palepale. Kisha akachukua simu, akaifungulia namba aliyoifungia, akapiga. Kibosho ilikuwa saa sita kasorobo, saa ya mtu kuwa jikoni. Iliita mara tano.

"Nani?" alisema Anna. Namba ya dada yake alikuwa ameshaacha kuitegemea.

"Ni mimi. Nimefungua leo."

Auleria alisikia kuku, na mtu akichanja kuni kwa mbali.

"Leo?" alisema Anna.

"Leo, mdogo wangu. Nakuja na isale langu mkononi. Nipokee usinipokee, nakuja."

Anna alivuta pumzi, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ile ya msichana mdogo aliyefinywa sikio mferejini.

"Maparachichi yako yameanguka misimu miwili, dada," alisema. "Sikuokota hata moja. Nilikuwa nawaambia watoto wasiguse, ni ya upande wa mama mkubwa, atakuja kuyaokota mwenyewe."